Mibamia ya Jirani

Kila joto la mji wa Hail linapoanza kulegea, yule mama jirani hujifunga vitambaa viganjani, maana mibamia huwasha, akaing'oa mmoja mmoja. Kila shina hulipapasa kwanza. "Ahsante, umetulisha," husema, kwa sauti ile ile ya kuagia wageni. Mwaka huu mwanawe, Shihab, alitaka pale pawe pa kuegesha gari. Zakiya, wa nyumba ya pili, akichungulia juu ya ukuta, alipoona mbamia wa mwisho umelala chini, moyo ulimwuma. Alidhani mama wa watu kashindwa. Shihab naye alidhani hivyo, akaanza kushusha garini vigae vya kusakafia. "Virudishe, baba," mama akamwambia, huku akinyunyiza mbegu za mchicha. "Nnang'oa bamia. Bustani siing'oi." Shihab akavirudisha garini, kisha akaenda kumfungulia bomba.