Masale Juu ya Bomba

Nyumba tuliyoachiwa na wazazi iko Same mjini, kwenye mteremko wa mawe yasiyochimbika. Kwa hiyo karo la choo liko chini kabisa, kwenye kipande chetu kidogo kando ya korongo. Katikati pana kiwanja cha jirani, na bomba letu la maji taka hupita chini yake. Baba alikubaliana kwa mdomo na mzee mwenye kiwanja, kisha wakapanda masale juu ya bomba, mstari mmoja, ili mtu asije akapiga jembe hapo. Kwetu Upareni sale ni mmea wa kuwekea mpaka, haling'olewi hovyo.

Mzee yule alipofariki, wanawe waliuza. Mnunuzi alitoka Shighatini, Mpare mwenzetu, na hapo ndipo hofu yangu ilipoanza. Mtu wa mbali angeona majani tu. Yeye aliona mpaka.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia alipobisha hodi.

"Marahaba. Binti, mmenipandia mpaka katikati ya kiwanja changu. Mnataka nusu?"

"Si mpaka, mzee. Chini kuna bomba la choo."

"Tangu lini choo kikapandiwa masale?" Fundi aliyekuja naye akacheka, mzee akaongeza: "Nikichimba msingi, nitakachokuta nakata."

Bomba likikatwa, bwana afya angeifunga nyumba. Baba mdogo anayeishi Chome alishasema tangu msiba kwamba nyumba ikinishinda atatugawa, mmoja huku, mwingine kule. Niliacha shule kidato cha pili ili wadogo zangu walale chini ya paa moja. Siku zile kila sururu ilipogonga jiwe kwa jirani, nilikimbilia dirishani. Niliwakataza wadogo zangu kumwaga maji mengi, kana kwamba bomba likinyamaza litasahaulika.

Mimi na jirani tukaitwa baraza la kata. Mama mmoja wa baraza akaniuliza, "Ardhi ile ni ya nani?"

Nikisema yetu, naongopa. Nikisema yake, niliona kama natoa na choo.

"Ni yake," nikasema. "Mimi naomba njia ya uchafu tu."

"Basi. Kumiliki ni jambo moja, kupitisha bomba ni jingine. Mtu anaweza kuwa na haki ya njia kwenye ardhi isiyo yake. Lakini baba yenu na mzee waliishia mdomoni, na wote hawapo. Mkikubaliana, mwandikishe njia hiyo ofisi ya ardhi, atakayenunua kesho aikute. Sisi tunasuluhisha tu, hatumlazimishi mtu."

Jirani akaligeukia baraza. "Ang'oe masale mwenyewe, mbele yangu. Hapo nitaamini hataki ardhi. Bomba nitaliacha, msingi nitausogeza."

Bibi alikuwa akisema anayeng'oa sale huondokewa na mtu wa nyumbani kwake. Siku ya kung'oa, wadogo zangu walisimama karibu na chemba wakinitazama. Nilipiga magoti, nikamwomba baba radhi kimoyomoyo kwa Chasu, lugha yetu, nikavuta. Mizizi ilikatika kwa sauti ndogo.

La mwisho jirani alilipokea mkononi mwangu. Akalipeleka kwenye mpaka wa kweli, akachimba, akalipanda. "Njoo ushindilie udongo," akasema. Nikashindilia.

Tumeshaandikishana ofisi ya ardhi, na choo kinafanya kazi. Ila mdogo wangu mmoja akipandwa na homa, natoka kwanza kwenda kutazama kama sale lile bado ni bichi.