Maziwa ya Emerance

Emerance alizaliwa katika familia ya wafugaji huko Masisi, na kwao maziwa yalikuwa dawa ya kila kitu. Kwa hiyo mbwa walipomuua paka mmoja wa mwituni nyuma ya nyumba yake, pale mtaani Keshero, na Emerance akawatoa watoto watatu wa paka huyo chini ya ukuta wa mawe meusi, hakusita. Aliwawekea maziwa ya ng'ombe kwenye kisahani. Walimkwaruza mikono, wakamtolea meno, kisha njaa ikawashinda, wakanywa.

Haikuchukua muda wakaanza kuharisha. Matumbo yalivimba, manyoya ya nyuma yakagandamana. Emerance akawazidishia maziwa ili wapate nguvu. Yule mdogo kuliko wote akafia mikononi mwake.

Siku hiyohiyo, kwenye robine ya maji, alimkuta jirani yake Kanyere, muuza sambaza, visamaki vya ziwani, ambaye alizoea kutupa vilivyooza karibu na ukuta ule.

"Ni wewe ulipatia paka zangu sumu," Emerance alimwambia mbele ya wamama wote. "Ninyi watu wa Butembo hamuna huruma."

Kanyere alifunga bomba. Alichukua bidoni yake ya maji kabla haijajaa, akaondoka.

Kesho yake Emerance aliwatia wale wawili katika kikapu, akawapeleka Katindo kwa muzee Habarurema, daktari wa wanyama. Muzee aliwabonyeza tumbo, akawafungua kinywa.

"Mama, unawakulisha nini?"

"Maziwa ya ng'ombe. Ile ya leoleo."

"Ndiyo inawaharisha. Tumbo ya paka haiiwezi. Angalia, meno iko. Uwape maji safi, na samaki ya kuchemsha, bila chumvi, kidogo kidogo."

Aliwapa na dawa ya minyoo. Emerance alishukuru huku uso ukimwaka. Njia nzima ya kurudi, akilini hakumwona paka aliyekufa. Alimwona Kanyere akiinama kuokota bidoni.

Tangu hapo akawa anachota maji alfajiri ili wasikutane, na sambaza za paka alizinunua mbali, kwa watu wasiomjua. Paka walipona. Choo chao kilishikamana, wakaanza kupigania samaki. Kila walivyonenepa, yeye alizidi kukosa raha, mpaka siku moja akabisha mlangoni kwa Kanyere.

"Ni maziwa yangu iliua yule paka, mama. Unisamehe."

Kanyere aliendelea kupepeta sambaza zake. "Ulinisemea wapi?"

"Kwenye robine."

"Basi ukaombee musamaha kule."

Asubuhi yake, katikati ya foleni ya bidoni, Emerance alisema yote. Alilitaja na lile neno juu ya watu wa Butembo, kwa maana ndilo lililomlemea zaidi. Mama mmoja alicheka pembeni. Kanyere alisikiliza hadi mwisho.

"Nimesikia," alisema tu.

Siku hizi wanasalimiana. Lakini Kanyere, aliyekuwa akiingia kwa Emerance bila kubisha, hajakanyaga tena mle ndani, na Emerance hajathubutu kumwalika.