Mkazi Pekee wa Kijiji cha Sponji

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ngazi, stepla na mti mkavu. Bosi wangu, ambaye nitamwita Mkuu wa Majani kwa sababu hicho ndicho kilichokuwa cheo chake, alinisukumia magunia mawili ya majani ya plastiki akasema, "Uvishe huu kabla ya chakula cha mchana." Mimi Shabani, mtoto wa Lushoto, nimepanda miti, nimekata miti, nimeanguka kutoka kwenye miti. Kuuvisha mti sikuwahi kuambiwa. Nikauliza, "Yakinyauka je?" Akanitazama kwa huruma. "Hayanyauki," akasema, akaondoka zake.

Wajukuu zangu hapa Scarborough huniuliza kwa Kiingereza nilikuwa nafanya kazi gani, nami huwajibu kwa Kiswahili, na hawaamini kwa lugha zote mbili. Basi nawaandikia. Toronto hupigwa picha nyingi za sinema na tamthilia, na mara nyingi mji huu hujifanya mji mwingine. Sisi tulikuwa idara ya majani. Kila mti, ua, tope na nyasi mnayoiona nyuma ya mwigizaji ina mtu aliyeiweka pale, na kwa miaka mingi mtu huyo nilikuwa mimi.

Kituo changu kilikuwa uwanja mkubwa nje ya jiji, mwendo wa saa nzima, walipojenga kijiji kidogo cha shamba cha Uingereza kwa ajili ya tamthilia. Nyumba kumi na mbili za paa la nyasi, kanisa, duka la mikate, kilabu cha pombe na daraja la mawe. Mawe yenyewe yalikuwa sponji ngumu iliyochongwa na kupakwa rangi. Ukuta wa kanisa tuliubeba watu wawili huku tunapiga soga. Nyumba zilikuwa na mbele tu. Ukifungua mlango wa mchungaji, unatokea uwanjani na kukutana uso kwa uso na choo cha mafundi.

Uingereza sijaikanyaga, lakini jinsi ya kuitengeneza naijua. Njia ya kijiji lazima ipinde. Ikinyooka, tayari uko Kanada. Michongoma tuliiotesha kwenye masanduku yenye magurudumu, mwongozaji akitaka shamba liwe pana tunausukuma ua wote nyuma. Ule ujani wa kwenye kuta za zamani tuliupika wenyewe kwa maziwa mgando na rangi ya kijani, tukaupaka kwa brashi. Ukungu ulitoka kwenye mashine iliyonguruma kuliko trekta. Nilicheka sana. Lushoto ukungu unakuingilia mpaka kitandani na hakuna aliyewahi kuuwekea mafuta ya dizeli.

Sasa, wakati ule mke wangu, Mama Rehema, alikuwa bado Lushoto, na mimi nalala kwenye kochi la kaka yangu North York. Alikuwa ameniwekea sharti moja, na akisema jambo yule, limesemwa. "Siji huko kulala kochini mwa shemeji. Ukipata kazi ya kudumu, nitakuja. Kibarua hata hapa kipo." Mimi nilikuwa kibarua wa miezi mitatu kwa majaribio, na Mkuu wa Majani alisema ataamua Jumatatu ya mwisho wa Aprili kama nabaki au naondoka. Mama Rehema nilimwambia niko kwenye kilimo. Ningemwambiaje kwamba nabana majani kwenye mti kwa stepla?

Wiki ile ya mwisho alikuja Bibi Mshauri. Huyu alikuwa mama mzee aliyezaliwa kwenye kijiji cha namna ile kule Uingereza, akahamia Toronto akiwa msichana, na wakubwa walimwajiri awaambie palipokosewa. Alipita nyumba hadi nyumba na mkongojo wake, akashika michongoma, akanusa hewa. Halafu akasema, "Ni kizuri sana. Lakini hapa hajawahi kuishi mtu." Mwongozaji akawaka. Mkuu wa Majani akatugeukia sisi: "Mmesikia? Mpaka Jumatatu nataka kijiji kinachoishi watu."

Mimi nikapelekwa stoo siku mbili kupika ujani. Ijumaa niliwahi mno, sijamkuta hata mlinzi amevaa kofia. Nikaingia kijijini. Loo! Ardhi yote imejaa majani makavu, mlangoni, njiani, mpaka kwenye ngazi za kanisa. Nikasema moyoni, Bibi wa watu akirudi akakuta hivi, atalalamika tena. Kwetu ukifika kwenye nyumba uwanja haujafagiwa, unauliza ni nani amefariki. Mahali wanapoishi watu hufagiwa! Pembeni ya mlango wa muuza mikate palikuwa na fagio la vijiti, limeegemezwa kama pambo. Nikalichukua. Nikafagia kijiji kizima cha Kiingereza, mistari ya fagio ikalala vizuri kama uwanja wa mama yangu siku ya Idi. Nikakusanya lundo nyuma ya nyumba ya mchungaji. Kisha, kwa kuwa kazi ya nusu si kazi, nikalitia kiberiti.

Moshi ulipopanda, alikuja Mkuu wa Majani anakimbia. Sikujua kwamba anaweza kukimbia.

"Shabani. Majani yako wapi?"

"Nimeyachoma, bosi. Yote. Usiwe na wasiwasi."

Alikaa chini, kwenye ardhi niliyoifagia. Hapo ndipo alipoanza kunieleza, polepole, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Tamthilia ilikuwa inatakiwa ionyeshe majira ya majani kupukutika. Nje ilikuwa Aprili, miti ya Toronto haina jani hata la dawa. Majani yale yaliokotwa mwaka uliopita, yakachaguliwa ya mwaloni tu, yakahifadhiwa magunia kwa magunia majira yote ya baridi, na watu wanne walikuwa wameyatawanya siku mbili, jani hapa, jani pale, kwa picha. "Jumatatu asubuhi tunapiga," akasema. "Majani yasipokuwepo, mimi na wewe hatupo."

Nilikaa kwenye basi la kurudi nikiona sura ya Mama Rehema. Kibarua hata hapa kipo. Nilitaka kulia, na nisingemficha mtu.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Basi lilipopita mitaa ya North York nikaona mbele ya kila nyumba mifuko mikubwa ya karatasi. Theluji ikiyeyuka, watu wa hapa hukwangua majani ya mwaka jana yaliyolala chini yake na kuyaweka barabarani yazolewe. Majani! Nikampigia jirani wa kaka yangu, Mama Esperance, Mkongo wa Bukavu, aliyekuwa akiendesha gari dogo la kanisa lao.

Jumamosi asubuhi tukazunguka. Mimi nabeba, yeye anaendesha ameinamisha kichwa.

"Shabani, Yesu anatuona. Tunaiba pubeli ya wazungu?"

"Takataka haiibiwi, Mama Esperance."

"Basi mbona unakimbia?"

Tulipata mifuko arobaini. Majani yalikuwa yamelowa maji, mazito kama ugali uliolala. Tukayashusha kwenye chumba cha kufulia cha jengo la kaka, tukayajaza kwenye mashine za kukaushia nguo, zote sita. Mama Esperance akaita akina mama wa kanisani. Wakaja na sinia, wakakaa kwenye viti vya plastiki, wakayachambua kama mchele: mwaloni huku, mepo, lile jani la bendera ya hapa, kule. Waliimba pambio moja baada ya lingine. Msimamizi wa jengo alifungua mlango, akatutazama kwa muda mrefu, akaufunga. Siku ya pili alinisalimia kwa heshima mpya, nadhani ya woga.

Jumapili jioni tukayapeleka kijijini kwa gari la kanisa, na Jumatatu alfajiri majani yalikuwa chini. Bibi Mshauri akaja na mkongojo wake, mwongozaji nyuma, Mkuu wa Majani nyuma yake, mimi nyuma ya wote. Bibi akasimama mbele ya nyumba ya mchungaji. Akanusa.

"Mbona majani yananukia sabuni?"

Akachokoa kwa mkongojo, akainama, akainua kitu. Soksi ya mtoto, nyekundu, yenye tundu kwenye kidole gumba.

Mkuu wa Majani akasema bila kugeuka, "Shabani. Eleza."

Nikaeleza. Ningefanya nini? Nikaanzia fagio, nikaja moto, mifuko, mashine, mpaka mapambio ya kanisani. Bibi alinisikiliza, halafu akaomba aonyeshwe nilipochomea. Nikampeleka nyuma. Majivu yalikuwepo, na mistari ya fagio bado ilionekana. Alisimama pale na ile soksi mkononi, macho yakamlowa.

"Baba yangu alifagia hivi hivi kila Jumamosi," akasema. "Akachoma majani, na mama akamgombeza kwa sababu nguo kwenye kamba zilinuka moshi." Akamgeukia mwongozaji. "Hiki ndicho kilichokosekana. Huyu mtu ameishi hapa. Msimwondoe."

Kwa hiyo nikapewa barua ya ajira, na kazi yangu ikawa hii: kufika kabla ya wote, kuwasha moto mdogo nyuma ya nyumba, kuanika nguo, kufagia mlangoni, kukanyaga njia mpaka ichoke. Yaani kukaa. Baada ya hapo wenzangu walitawanya majani yao juu ya kazi yangu. Nilikuwa mkazi pekee wa kijiji kile.

Nikampigia Mama Rehema. "Mke wangu, nimepata. Ya kudumu."

"Alhamdulillahi! Kazi ya nini?"

"Ya kufagia."

"Shabani," akasema, "miaka tisa ya ndoa sijakuona umeshika fagio."

Lakini alikuja. Nilimpokea uwanja wa ndege nikalia mbele za watu, na sijutii. Nilipompeleka kijijini alifungua milango yote kumi na miwili. "Nyumba zote hizi hakuna hata jiko moja? Wanakula nini?" Kisha akaninyang'anya fagio, akarudia pale nilipopita.

Tamthilia ilipokwisha kijiji kilibomolewa kwa siku moja, sponji hiyo. Nilihamishiwa misitu ya bandia na mashamba ya bandia, chini ya wakubwa wengine watatu, na wote waliona ajabu kwamba nafika mapema. Siku ya kustaafu, Mkuu wa Majani, sasa mzee kuliko mimi, alikuja na fagio la vijiti la muuza mikate. Alikuwa amelitunza. "Lako," akasema, akaondoka zake kama siku ile ya kwanza.

Asubuhi iliyofuata nikasema sasa nalala, nimefagia Uingereza vya kutosha. Saa mbili Mama Rehema akanifunua shuka. Alikuwa amesimama na lile fagio, anaonyesha kibaraza chetu cha ghorofa ya saba, kimejaa majani ya mepo yaliyopeperushwa na upepo.

"Amka, mkazi wa kijiji," akasema. "Hapa pia wanaishi watu."