Nilichanja Ushirombo kwa Siri, Kaka Yangu Nikamwambia Asubiri

Jamani, mimi ni mjinga. Naanza na hilo kabisa, ili asiyependa kusoma habari za wajinga aishie hapa, akaendelee na shughuli zake.

Na wala si mjinga wa kawaida. Mjinga wa kawaida hajui. Mimi nilijua, nikajifanyia la maana mwenyewe, halafu nikasimama mbele za watu nikawaambia kinyume chake. Jina langu msiniulize. Huku Bulyanhulu linajulikana sana, na huko kujulikana ndiko kulikoniponza.

Kazi yangu ni msimamizi wa duara. Kwa wasiojua, duara ni lile shimo la dhahabu la sisi wachimbaji wadogo, na msimamizi ndiye anayesema leo watu washuke au wasishuke. Shule nilifika kidato cha nne, nikapata matokeo ambayo naomba tusiyazungumzie. Lakini machimboni ukiwa umefika kidato cha nne, na simu yako inaingia mtandaoni, basi wewe ni msomi. Ukiongeza na mdomo mkubwa, unakuwa profesa.

Mimi mdomo ninao, Mungu hakuninyima!

Mwaka ule wa korona, kijiwe chetu cha kahawa kilikuwa pembeni ya karasha, ile mashine ya kusagia mawe. Kila asubuhi nilikuwa nafika pale na simu mkononi, watu wananisogezea benchi. "Haya msomi, dunia inasemaje?" Nami nasafisha koo kama mtangazaji, naanza kuchambua chanjo.

Ee ndugu zangu, nilichambua! Chanjo ya nchi fulani, mtu mmoja kwenye majaribio ameugua, wamesimamisha. Chanjo nyingine, wamesikia habari za damu kuganda, nchi fulani nazo zimesimamisha. Nyingine imepelekwa kwenye majaribio, ikaonekana nguvu yake ndogo, wameitupa. Kila waliposimamisha, mimi nilifika kijiweni mapema.

Siku waliposema wamechunguza, wameona yule aliyeugua hakuugua kwa sababu ya chanjo, wanaendelea, mimi nilikuwa nazungumzia mpira.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na naomba mlishike. Habari ya kusimama niliipigia kelele. Habari ya kuendelea niliipita kama sikuiona. Sababu? Habari ya kuendelea haichangamshi kijiwe! Ukisema "wataalamu wameridhika," nani atakununulia kahawa?

Pale kijiweni alikuwapo kaka yangu, Masanja. Kaka wa tumbo moja, ndiye aliyenilea baba alipofariki, ndiye aliyeniingiza machimboni. Alikuwa akifanya kazi ya karasha kwa miaka mingi, na lile vumbi lilishamharibu kifua. Akipanda kimlima kidogo tu anasimama, anashika kiuno, anajifanya anaangalia mandhari. Wote tulijua hakuna mandhari pale, ni rundo la kifusi.

Kaka Masanja hakusoma. Kila kitu alikuwa ananiuliza mimi. Anunue ng'ombe au apande pamba, binti yake Minza aolewe au aendelee na shule, yote ananiuliza. "Mdogo wangu, wewe ndiye msomi wetu. Unasemaje?" Basi mimi navimba kichwa.

Siku moja nikiwa katikati ya uchambuzi, kaka akauliza taratibu, "Sasa mdogo wangu, hao wakisimamisha, si ndiyo wanaangalia?"

Nikacheka. Nikawageukia watu, nikasema, "Mnamsikia kaka? Kitu kizuri kinasimamishwa?" Kijiwe kizima kikacheka. Na yeye akacheka, maana alikuwa mtu wa kukubali.

Na hapa nijiseme vizuri. Mimi niliyekuwa nauliza chanjo imepimwa na nani, nina chale kifuani, chale mikononi, nyingine mgongoni ambako mwenyewe sijawahi kuziona. Nilichanjwa kwa wembe na mganga mmoja ili nipate dhahabu, akanipaka unga mweusi. Niliuliza ule unga umepimwa wapi? Sikuuliza! Niliuliza majaribio yamefanywa kwa nani? Thubutu! Niligeuza mgongo nikasema, "Mzee, na hapa weka." Na dhahabu yenyewe hadi leo naisikia kwa jirani.

Basi chanjo ikaingia nchini. Wakati huohuo msimamizi wa duara la pili kutoka letu, mtu mwenye kifua kama gunia la mpunga, akapata ile tuliyokuwa tunaiita changamoto ya kupumua. Hatukuwa tunaitaja kwa jina. Alifariki haraka, hata hatukuwahi kumtembelea.

Nikaogopa. Niseme ukweli, niliogopa sana. Nilikaa nikasoma tena zile habari, safari hii bila kutafuta cha kwenda kuwachekesha watu. Nikaona kumbe walisimama, wakaangalia, wakaendelea. Ile iliyoshindwa wameiacha, ile iliyofaa ndiyo imeletwa. Kila kitu kilikuwa palepale kwenye simu yangu siku zote.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angeenda kijiweni aseme, "Jamani, nilikosea." Mimi nilipanda pikipiki nikaenda Ushirombo, ambako hanijui mtu.

Nikavaa kofia, nikavaa na barakoa ili nisitambulike. Kumbe kosa! Wakati ule huku hakuna aliyekuwa anavaa barakoa, kwa hiyo mji mzima ulinigeukia. Mama mmoja muuza ndizi akaniuliza kama natoka Ulaya.

Nafika kwenye kituo cha afya, naona kwenye benchi mtu amejifunika koti kichwani na jua lile. Nikakaa pembeni yake. Akageuka. Alikuwa Mabula, fundi pikipiki wa kwetu, yule aliyekuwa anapiga meza kijiweni akisema atakayemchoma sindano atamtafuta mpaka kwao!

Tukatazamana.

"Nimekuja kupima malaria," akasema.

"Hata mimi," nikasema.

Nesi akatoka, akaita, "Wa chanjo, ingieni." Tukainuka wote wawili. Mpaka leo mimi na Mabula hatujawahi kulizungumza jambo hilo.

Nilichanjwa mkono wa kushoto. Kesho yake mkono ukauma, mwili ukawa wa moto kidogo. Kaka Masanja akaja, akakuta nimelala. Nikamdanganya kwamba nimeteleza kwenye ngazi ya duara, nimejigonga bega.

Kaka akaenda kwake, akarudi na samli ya kijijini kwetu Mhunze, ile aliyokuwa anaitunza kwenye kibuyu. Akakaa kitandani kwangu, akaniambia, "Lete mkono." Akaukanda. Akaukanda taratibu, huku akinisimulia nilivyokuwa mtoto msumbufu. Akipumua kwa shida yeye, ananikanda mimi! Alipomaliza nikamwambia wabeja, kaka, asante. Akajibu, "Nduhu mhayo, mdogo wangu. Hakuna shida."

Nililala pale nimetazama ukuta, nikijiona mshenzi. Halafu nikapona, ushenzi nikausahau.

Haukupita muda mrefu chanjo ikaletwa karibu na kwetu. Nikiwa nanywa chai, naona kaka anakuja ameoga, amevaa lile shati lake la kanisani. Akasema, "Nimeamua niende nikachanje. Kifua changu mwenyewe unakijua. Twende wote basi. Au wewe msomi unasemaje?"

Ndugu msomaji, Mungu alinipa nafasi, akaniwekea mezani kabisa! Ilikuwa ni kuvuta mkono wa shati na kusema, "Kaka, mimi tayari, nenda haraka." Lakini nje walikuwa wamekaa vijana wangu wa duarani, wanasikiliza. Nikawaza watakavyonicheka. Nikawaza kijiwe chote.

Nikasema kwa sauti ili na wa nje wasikie, "Kaka, ya kwanza huwa ni ya kujaribia watu. Subiri mzigo wa pili."

Akalitazama shati lake. "Haya," akasema. "Kama wewe umesema." Akarudi kwake kulivua.

Mnajua kilichofuata, na mimi sina haja ya kukipamba. Kaka akaugua. Yule mtu ambaye kimlima kilimshinda, sasa kutoka kitandani mpaka mlangoni ilikuwa safari. Tulimfukiza nyungu mpaka nyumba ikanuka majani. Mwishowe shemeji, mama Minza, akanipigia kelele, "Unamchambua mgonjwa? Lete gari!" Tukampeleka hospitali, akawekwa kwenye mtungi wa oksijeni.

Mimi ndiye niliyekuwa namuuguza. Namlisha uji, namgeuza, namfuta jasho, na mimi mzima kama chuma. Siku moja akaiondoa ile barakoa ya oksijeni mdomoni, akaniuliza, "Wewe mbona haikupati?"

Nikamjibu, "Ni nyungu, kaka."

Akakubali kwa kichwa. Akamwomba mkewe akirudi aje na yale majani.

Nilitoka nje nikalia kama mtoto. Nilijipiga kofi mwenyewe, mlinzi akadhani ni wazimu.

Kaka bado akiwa hospitali, nikapigiwa simu kwamba nguzo za duara letu zimepasuka. Nikarudi, nikatoa watu wote, nikafunga duara tukague kila nguzo. Mbovu tukabadilisha, nzima tukaziacha, nikaruhusu watu washuke. Ndivyo kazi inavyofanywa. Lakini vijana wangu nusu hawakurudi! Kumbe jirani mmoja amezunguka machimbo yote akitangaza, "Duara lile limefungwa, linaua." Kwamba limefunguliwa, hakumwambia mtu.

Nikapandwa na hasira! Nikamfuata palepale kwenye karasha, nikamshika ukosi, napiga kelele watu wote wakasikia: "Wewe mpumbavu! Nilifunga ili niangalie! Duara linalofungwa ndilo lenye mtu anayeliangalia!"

Hapo nikajisikia mwenyewe. Maana nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka lile benchi letu la kahawa, na sentensi ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya kaka Masanja. Mimi ndiye niliyeicheka.

Nikamwachia yule bwana ukosi. Nadhani mpaka leo hajui kilichomwokoa.

Nikarudi hospitali. Nikamkuta kaka ameketi kidogo, ameegemea mto. Nikapiga magoti pale sakafuni. "Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umemkosea nani?" Ananijua.

Nikamwambia yote. Ushirombo, kofia, Mabula na malaria yake, sindano. Nilidhani atanitukana, nilikuwa nataka anitukane. Akanitazama, mtungi unachemka pembeni.

"Mkono wa kushoto," akasema.

"Ndiyo, kaka."

"Ule niliokukanda."

"Ndiyo."

Akaivuta barakoa yake, akageukia ukutani.

Kaka yangu hakufa, namshukuru Mungu. Wengine waliotusikiliza pale kijiweni hawakupata bahati hiyo. Na ninapofikiria napata uchungu: sisi waongo tulikuwa tumeshachanja. Walioachwa nje ni wale waliotuamini.

Kaka alirudi nyumbani Mhunze. Kazi ya karasha imekwisha. Yeye aliyekuwa anaongoza nyimbo wakati wa ngoma za mavuno, siku hizi anawekewa kiti anaangalia wenzake, na akijaribu kuitikia anaishia katikati. Alipopata nafuu na daktari kumruhusu, alienda kuchanja. Nilisikia kwa shemeji. Hakuniuliza.

Mimi kijiweni nilirudi nikawaambia ukweli, wa kwangu tu, wa Mabula namwachia mwenyewe. Walinicheka mpaka kahawa ikawapalia, wakaniita Malaria. Jina hilo ninalo mpaka leo na linanistahili. Kumbe kuchekwa kwenyewe kulikuwa hivyo tu! Asubuhi moja, kikapita. Kwa ajili ya kicheko cha asubuhi moja nilikaribia kumzika aliyenilea.

Kaka amenisamehe, alishasema. Tunapigiana simu kila mara, ananiuliza habari za watoto, habari za mvua, habari za duara. Juzijuzi nikasikia ameuza ng'ombe na kununua shamba, na Minza amepata mchumba. Yote yamefanyika, mimi napewa taarifa. Nasubiri aseme lile neno lake, "Wewe msomi unasemaje?" Halisemi tena.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama una mtu wa kukuuliza hivyo, akija na shati lake safi, usimpe uchambuzi. Mwambie wewe mwenyewe ulifanya nini, hata kama nje kuna watu wanasikiliza. Na kama hujafanya, mwambie hujafanya, na mwende wote mkamuulize anayejua. Msije mkafanana na mimi, mwenye mkono uliokandwa na mtu niliyemwambia asubiri.