Wakili Wetu Tuliyempeleka Bungeni

Nilimpigia kura wakili wangu mwenyewe. Ujinga huo sikuufanya peke yangu, lakini wangu nausema.

Kabla ya siasa alikuwa mtu wa kortini. Kaunti ilipobomoa vibanda vya akina mama sokoni kwetu, aliwatetea. Nilikuwa kidato cha tatu, nikatoroka shule kumsikiliza. Afisa wa kaunti alitaka kuhutubia, yeye akamkata: ndiyo au hapana? Kila jibu lilimzamisha afisa zaidi. Akina mama wakashinda, na soko zima likasema mdomo kama huu unafaa bunge la kaunti. Uchaguzi ulipofika nami nilikuwa nimeshapata kitambulisho; tukamwimbia, akapita. Hakuna aliyeuliza nani atabaki kortini.

Miaka ikaenda. Nikazaa, baba mtoto akaondoka, nikamwacha binti yangu kwa mama nikaja Dubai kulinda mlango wa kliniki mtaa wa Oud Metha. Binti alipofika miaka minne, yule baba akaibuka na kesi: eti nimemtelekeza mtoto, apewe yeye. Nikampa kesi wakili wetu, maana ofisi yake bado ilikuwa wazi.

Siku hizi kesi husikizwa hata kwa simu. Mara tatu nilijifungia stoo ya kliniki, kati ya katoni za maji, na mara tatu hakimu akauliza wakili wangu yuko wapi. Karani wa wakili akajibu mheshimiwa ana kikao bungeni. Mara ya tatu hakimu akasema imetosha: Jumanne ya mwisho wa mwezi atasikiliza upande utakaokuwepo.

Wiki moja kabla ya Jumanne hiyo, mheshimiwa akaja Dubai, ziara ya mafunzo. Watu wa kwetu tukakodi ukumbi wa hoteli ndogo mtaa wa Al Muraqqabat, tukapika pilau. Desturi yetu mgeni akija ni kuandika swali kwenye karatasi, mwenyekiti achague. Huchagua matamu. Langu halikusomwa, nikasimama.

"Keti, dada," mwenyekiti akasema. "Mheshimiwa amechoka na safari."

"Mimi nimesimama mlangoni tangu alfajiri. Nitaongeza kidogo." Nikamgeukia mgeni. "Jumanne asubuhi utakuwa kortini au bungeni?"

Akacheka, akawaambia watu hata majaji hawajawahi kumbana hivyo. Kisha akaanza kueleza mswada anaouandaa wa kulinda watoto wa sisi tulio ughaibuni. Ulikuwa mswada mzuri, sibishi. Watu wakapiga makofi.

"Sijauliza mswada," nikasema. "Nimeuliza Jumanne."

Mwanamke mmoja nyuma yangu akanung'unika, mwache mtu ale pilau, khalas, yatosha. Sikugeuka. Mheshimiwa akaweka kijiko chini.

"Bungeni," akasema.

"Basi niachie faili langu."

Sitamnyima haki yake: alipiga simu palepale, akamwamuru karani amkabidhi mama yangu faili kesho yake na aiandikie korti kwamba wakili amejitoa. Kisha akaniita kando. "Usimtukane baba wa mtoto," akaniambia. "Jibu ulichoulizwa, halafu nyamaza." Nilitamani kumuuliza kwa nini mtu anayejua kazi hivi anashinda akipiga meza bungeni. Nikanyamaza, nikaanza mazoezi.

Jumanne, mimi stoo tena na simu, hakimu akauliza wakili wangu yuko wapi.

"Sina. Nitajisemea."

Wakili wa baba mtoto akanirukia: ni kweli kwamba nilimtelekeza mtoto?

"Hapana. Nilimwacha kwa mama yangu, na kila jioni tunasoma kitabu kwa simu. Ukitaka jina la mwalimu wake nitakupa. Baba yake muulize."

Hakimu akamuuliza. Yule bwana akasema amelisahau.

Amri ikatoka mtoto asiondolewe kwa nyanyake mpaka kesi iamuliwe. Tarehe nyingine imewekwa. Nimeshamwambia msimamizi siku hiyo sitakuwa mlangoni, akubali, akatae.