Ofisi ya Pasipoti Inataka Mume Wangu

Admin, nisitiri jina na kijiji, kwa sababu watu wa kwetu wako kwa hii page na wakisoma mistari mbili watanijua. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nane, naishi upande wa Kaptagat, nalima kidogo na nauza maziwa huko mtaa wa West Indies, Eldoret. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mkiona nimeandika ovyo mnivumilie. Tangu haya maneno yaanze sikai chini. Nachemsha chai nasahau kuinywa, naenda kukamua nasahau ndoo.

Firstborn wangu ni msichana, anafanya kazi kwa meli kubwa ya watalii, anatandika vitanda. Tangu aende hajafika nyumbani, na kila akipiga simu naona uso umekonda. Sasa kampuni yao inaruhusu mfanyakazi alete mzazi mmoja. Meli itapita Mombasa, nipandie hapo, twende naye Zanzibar na Ushelisheli, halafu nirudi na ndege. Mimi bahari sijawahi kuiona. Nililia kwa furaha mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Huyo jirani hununua nguo Uganda, na aliniambia nisisumbuke, yeye huvuka mpaka wa Malaba na kitambulisho peke yake. Nikatulia. Kumbe meli si Malaba. Binti yangu akaniambia kwa hiyo meli ni pasipoti tu, hata ile karatasi ya muda watu hupita nayo Tanzania haiwezi kunipandisha. Basi nikabeba kitambulisho na cheti cha kuzaliwa, nikaenda ofisi ya pasipoti mjini.

Hapo ndipo mambo yalikataa. Cheti kina jina la baba yangu. Kitambulisho kina jina la nyumba nilikoolewa. Afisa, kijana mwenye heshima zake, akauliza cheti cha ndoa. Nikamwambia hakuna, tulioana kimila. Akasema hiyo si shida, mama, lete mume mwende kwa wakili, mwape kwamba haya majina mawili ni ya mtu mmoja.

Nikamwonyesha mume wangu. Alikuwa amekaa kwa benchi amejifunga leso, anakula ndizi.

Nyinyi ambao si wa huku, wacha niwaeleze. Kwetu mama akizeeka bila kijana wa kiume, anaweza kutoa ng'ombe aoe msichana, ndio nyumba yake isizime. Watoto wanakuwa wake, wanabeba jina la bwana yake aliyekufa. Mwanaume aliyewazaa si mtu wa kuulizwa, na hakuna anayeuliza. Mimi niliolewa hivyo, na huyo wa kwa benchi. Kuanzia siku hiyo yeye anahesabiwa mwanaume, na watu wote humwita Mzee, hata mimi. Hajawahi kuniinulia mkono. Nikijifungua yeye ndiye alikuwa akinipikia uji.

Kwa foleni mtu mmoja akacheka. Mzee akamuuliza kama wa kwake nyumbani wameshakula leo. Yule akarudi kuangalia karatasi zake.

Tukaenda kwa wakili. Akaandika vizuri, akatusomea. Karatasi ya Mzee ilianza na, mimi ni mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu. Mzee alikuwa tayari kutia sahihi ya kidole, akaondoa kidole kwa wino.

"Huyo si mimi," akasema. "Uanamke niliuacha siku nilitoa ng'ombe."

Wakili akambembeleza, "Lakini mama, kitambulisho chako kinasema hivyo. Siwezi kuandika kingine."

"Usiniite mama."

Tukarudi nyumbani. Nilipomwomba tena baadaye, aliniuliza hivi. Akisema mbele ya sheria kwamba yeye ni mwanamke, basi alinioa namna gani? Na hawa vijana wangu wawili, wadogo wa binti yangu, ni wa nani?

Njia nyingine afisa alisema ni rahisi, nibadilishe kitambulisho nirudie jina la baba yangu. Binti yangu anataka hiyo. Anasema, Mum, ni jina tu, wewe utabaki wewe. Lakini yeye ametoka kitambo, amesahau. Marehemu bwana ya Mzee alikuwa na bibi mwingine, na watoto wa huyo bibi wanaangalia shamba ambalo vijana wangu wanalima. Mmoja wao tayari amesema pale tunapopeleka maziwa, watu wakisikia, "Akitoa jina mwenyewe, amerudi kwao. Sisi hatujamfukuza."

Na kule kwa meli wanataka namba ya pasipoti haraka, kabla orodha ifungwe. Juzi binti yangu alipiga simu akalia. Aliniambia wenzake wameleta wazazi, na yeye ndiye husimama pale kwa ngazi akiwapokea mizigo. Nilitaka kupasuka.

Jana tukikamua, Mzee akaniita. Nilidhani amebadilisha nia kuhusu kidole. Akasema pole pole, bila hasira yoyote, "Enda umwone mtoto. Chukua jina la baba yako. Lakini ukirudi, piga hodi hapo kwa geti kama mgeni, na mimi nitakufungulia kama mgeni."

Angenigombeza ningejua la kujibu. Alinipokonya hata ndoo, akasema nipumzike, nina safari.

Sasa nyinyi wenye watoto mbali na wenye wazee nyumbani, nawaomba, msinitukane, mniambie. Nimwache mtoto wangu asimame kwa ile ngazi akipokea mama za wengine, ama niende, halafu nije nipige hodi kwa nyumba ambayo mimi ndiye niliizalia watu? Mngekuwa mimi, mngefanya nini? Nasoma kila comment.