Nani alimwambia kuhusu viazi vya Molo?

Nyinyi watu wa utafiti, niambieni kama ni mimi nashuku bure.

Leo asubuhi jarida limekataa makala yangu kuhusu sheria ya gunia la viazi, ile ya kutozidisha kilo hamsini, na kwa nini wakulima wa Molo hawaifuati. Sawa. Kukataliwa nimezoea.

Lakini msomaji wa siri, yule jarida humpa kazi yako aikosoe bila kukuambia jina lake, ameandika hivi:

"Mtafiti aliyemchambulia mkulima viazi kabla ya kumhoji hawezi kudai hana upendeleo."

Nikasoma mara tatu.

Ni kweli nilichambua, nikitenga vizuri na vibovu. Mzee mwenye shamba alikataa kuongea na mtu amesimama tu na kalamu huku lori linangoja mzigo. Nikakunja mikono ya sweta nikaingia kazi.

Lakini hiyo HAIKO kwa makala! Nilimsimulia mtu mmoja tu: Daktari, msimamizi wangu wa chuo hapa Nakuru. Tulicheka sana.

Saa nne nikaenda ofisini kwake. Nikasema tu, "Daktari, wamenikataa."

"Woi, pole sana," akasema, akinisukumia kikombe cha chai. Uso umejaa huruma. Karibu nijione mbaya kwa kumshuku.

Halafu akaongeza, "Usivunjike moyo. Hizo kurasa tatu za maoni zitakusaidia."

Jameni. Sikuwa nimemwambia kuna maoni. Wala ni kurasa ngapi.

Na ndiye anatia sahihi kwa thesis yangu.

Nikamaliza chai, nikasema asante. Wewe ungeimeza hii, ukanyamaza?